Vyuo vya Weusi Marekani: ugunduzi unazaliwa maabara kwao, faida inaota kwa wengine

Mgeni wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akishatulia.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kusini mwa Marekani. Uzamivu niliusomea kwenye kimojawapo cha vile vyuo vikuu vilivyoanzishwa kwa ajili ya Weusi enzi za ubaguzi, ambavyo wenyewe wanaviita HBCU. Vipo kama mia moja, na sheria ya elimu ya juu ya 1965 inavihesabu vile tu vilivyokuwepo kabla ya 1964. Nimekesha kwenye maabara zao na nimefundisha wanafunzi wao. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu. Hawa watu wanagundua, tena mambo mazito, lakini ugunduzi ukifika mlangoni pa chuo hakuna aliyesimama pale kuupokea na kuupeleka sokoni. Anayekuja kuupokea ni mpita njia.

Nianze na kisa cha Tuskegee, Alabama. Wengi tukisikia Tuskegee tunakumbuka ule utafiti wa kaswende, serikali ilipowaacha wanaume Weusi bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972. Ni sawa tukumbuke. Lakini kipo kisa kingine cha hapo hapo, miaka hiyo hiyo, na wachache wanakijua.

Mwaka 1951 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins walichukua seli za saratani kutoka kwa mama Mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ruhusa. Seli zile zilikuwa za ajabu, haziishi kuzaliana. Chanjo ya polio ya Salk ilipokaribia kufanyiwa majaribio makubwa, zilihitajika seli nyingi mno za kupimia damu za watoto. Taasisi iliyokuwa ikigharamia vita dhidi ya polio ikaamua kiwanda cha kuzizalisha kijengwe Tuskegee. Aliyesukuma jambo hilo ni Charles Bynum, Mweusi aliyefanya kazi ndani ya taasisi hiyo, aliyetaka fedha na mafunzo yale yaende kwa vijana wa kwao. Kazi wakakabidhiwa wanasayansi wawili wa chuo, Russell Brown na James Henderson.

Fikirieni Alabama, 1953, joto lile, na seli zisizovumilia joto. Ilibidi wajifunze kuzikuza kwa wingi, kuzifungasha na kuzisafirisha kwa ndege zifike maabara za mbali zikiwa hai. Kazi ilipopamba moto walikuwa wanatoa mirija kama 20,000 kwa wiki. Hadi 1955 walishasafirisha vipando vya seli takriban 600,000. Chanjo ikapimwa, watoto wakaepushwa na ulemavu.

Kisha? Watu wa nje waliona kuwa kumbe seli zinaweza kuzalishwa na kuuzwa kama bidhaa. Kampuni ya Microbiological Associates ikaingia kwenye biashara hiyo na kuikuza. Tuskegee, waliothibitisha kuwa kazi hiyo inawezekana kwa kiwango hicho, wakafunga mradi wao. Biashara ya kuuza seli ikaendelea kukua mikononi mwa wengine. Familia ya Mama Lacks ilifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher mwaka 2023, miaka 72 tangu mama yao achukuliwe seli.

Ninachotaka tujadili: kwa nini ugunduzi wa vyuo hivi unavuja hivi, na sisi Waswahili tuliojaa kwenye maabara zao tunaweza kufanya nini. Karibuni.

Bint Tanga

Asante kwa uzi mkuu. Kisa cha seli sikuwahi kukisikia, nimekisoma mara mbili. Naomba kuuliza kwa ambao hatuko huko: chuo kinapataje haki ya kuuza ugunduzi ambao fedha za utafiti zilitoka serikalini? Si ni mali ya serikali?

Mgeni wa Kusini

Swali zuri dada. Zamani ilikuwa hivyo, serikali ilishikilia hataza (patent, yaani haki ya pekee ya kutumia ugunduzi) na nyingi zikaoza kabatini. Mwaka 1980 ikapita sheria inayoitwa Bayh-Dole. Inaruhusu chuo kumiliki ugunduzi uliotokana na fedha za serikali kuu, kwa masharti: mtafiti aujulishe uongozi, chuo kiseme rasmi kwamba kinautaka, kiombe hataza, kitafute kampuni ya kuupa leseni, na mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa kutumia ugunduzi, ukipatikana mgunduzi apewe sehemu yake. Asilimia ngapi, kila chuo kina sera yake.

Kwenye karatasi sheria ni moja kwa wote. Ila kuifuata kunahitaji ofisi yenye watu wake, bajeti ya mwanasheria wa hataza, na muda wa mtafiti. Hapo ndipo njia zinapoachana. Angalia mji mmoja tu, Tallahassee, Florida. Upande mmoja kipo Florida State, na profesa wao Robert Holton aligundua njia ya kutengeneza dawa ya saratani ya Taxol bila kumaliza miti inakotoka dawa hiyo, kampuni ya Bristol-Myers Squibb ikachukua leseni, chuo kikavuna mamia ya mamilioni ya dola. Ng'ambo ya reli kipo Florida A&M, chuo cha Weusi, chenye shule ya famasia inayoheshimika tangu 1951. Akili za watu hazitofautiani kwa kuvuka reli. Hao wa pili hata shule yao ya sheria serikali ya jimbo iliifunga 1968, baada ya kuwafungulia nyingine wale wa kwanza. Chuo kilichonyang'anywa wanasheria wake, leo tunakiuliza kwa nini hakina hataza nyingi.

Mwalimu wa Baltimore

Habari zenu. Nafundisha kwenye chuo cha aina hiyo, sitakitaja. Niongezee upande wa muda, maana huo haupigiwi picha na mtu.

Muhula huu nina kozi nne. Wanafunzi wengi ni wa kwanza kusoma chuo kwenye familia zao, hivyo mlango wangu hauwezi kufungwa: huyu karo imekwama, yule amefukuzwa chumba. Mwenzangu niliyesoma naye uzamivu yupo chuo kikubwa cha jimbo, anafundisha kozi moja, ana meneja wa maabara na watafiti wanne waliomaliza uzamivu wakiwa chini yake. Sote wawili tunaandika maombi yale yale ya ruzuku. Saa ya kukaa na mtu wa kampuni tukazungumza soko, naipata wapi?

Na hili la fedha si hisia. Septemba 2023 mawaziri wawili wa serikali kuu, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana wa majimbo 16 barua. Walipiga hesabu kuanzia 1987 hadi 2020 wakakuta vile vyuo vya ardhi vya Weusi (land-grant, vya kufundisha kilimo na ufundi), vilivyotambuliwa kwa sheria ya 1890, vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 ukilinganisha na vyuo wenza vya Weupe kwenye majimbo hayo hayo. Tennessee State peke yake dola bilioni 2.1. Hapa kwetu Maryland ilibidi watu waende mahakamani. Kesi ilifunguliwa 2006, suluhu ikaja 2021: dola milioni 577 kwa vyuo vinne, zilipwe ndani ya miaka kumi. Miaka 15 ya kudai ni umri wa mtoto aliyeanza sekondari.

Mzee wa Shamba

Vijana, naheshimu hoja zenu lakini niruhusuni nipinge. George Washington Carver alifika Tuskegee 1896. Alitoka na gari la farasi kwenda kuwafundisha wakulima maskini kulima karanga na viazi vitamu ili udongo uliochoshwa na pamba upate nguvu. Maarifa yake aliyagawa bure, kwa vijarida. Leo mnataka kila kitu kiwe na hataza na mrabaha. Chuo cha watu waliodhulumiwa kikianza kufukuza faida, mkulima na mgonjwa atabaki na nani?

Mgeni wa Kusini

Shikamoo mzee. Hoja yako naichukua kwa uzito, maana nimekaa nayo miaka.

Carver aliwagawia wakulima, ni kweli, na ndivyo ilivyopasa. Lakini hata yeye aliomba hataza. Alipata tatu, kati ya 1925 na 1927, za vipodozi na rangi, na kulikuwa na kampuni yenye jina lake ya kuuza bidhaa zake. Haikufika mbali. Kwa hiyo hakukataa soko. Soko halikumfungulia mlango, na hakuwa na mtaji wa kulisubiri.

Halafu mzee, ugunduzi usiolindwa haubaki kuwa wa maskini. Anaudaka mwenye nguvu, anauzungushia ukuta, kisha anamuuzia maskini yule yule. Mwenye hataza ndiye mwenye neno la kusema dawa hii iuzwe kwa bei gani na nani apewe kwanza. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dkt. Hadiyah-Nicole Green. Alisoma Alabama A&M, akafundisha Tuskegee, baadaye akaenda shule ya tiba ya Morehouse. Alilelewa na shangazi na mjomba, wote wakapata saratani. Shangazi alikataa tiba ya kemikali akafariki, mjomba akapitia mateso ya tiba hiyo na Dkt. Green ndiye aliyemuuguza. Akaamua kutafuta njia ya kuua uvimbe bila kumuunguza mgonjwa mwili mzima: chembe ndogo mno zinaingizwa kwenye uvimbe kisha zinapashwa joto kwa mwanga wa leza. Mwaka 2016 akiwa Tuskegee alipata ruzuku ya dola milioni 1.1, na kwenye panya matokeo yalikuwa mazuri sana. Sasa sikiliza alichofanya. Alianzisha taasisi isiyo ya faida, akaipa jina la shangazi yake, Ora Lee Smith, ili tiba ikifika kwa binadamu bei yake isimshinde mtu wa kawaida. Huyo hakugawa hovyo wala hakuuza roho, na aliweza kuchagua kwa sababu kitu kilikuwa mkononi mwake.

Mzee wa Shamba

Marahaba mwanangu. Hapo kwa Dkt. Green umenifungua macho. Endelea.

Mama Wawili

Mmetaja karanga nikashindwa kukaa kimya. Naishi Greensboro, North Carolina. Mwanangu wa pili ana mzio wa karanga. Wanaojua wanajua: kila pakiti dukani unaigeuza nyuma, unasoma maandishi madogo hadi macho yanauma. Sindano ya dharura ipo kwenye begi lake la shule, nyingine ipo kwenye mkoba wangu, na nyingine kwa mwalimu. Nikipika mchuzi wa karanga wa nyumbani kwetu ni ndotoni tu.

Hapa mjini kipo North Carolina A&T, chuo cha ardhi cha Weusi. Pale Dkt. Jianmei Yu na wenzake walibuni namna ya kuloweka karanga zilizokaangwa na kumenywa kwenye maji yenye vimeng'enya vya kawaida vya chakula. Vimeng'enya vinavunja zile protini mbili zinazoleta balaa zaidi. Moja inapungua hadi vipimo haviioni, nyingine inapungua hadi asilimia 98. Karanga inabaki karanga, haijabadilishwa vinasaba. Mwaka 2014 chuo kikatoa leseni kwa kampuni ya Toronto inayoitwa Xemerge.

Nilipoisoma habari ile nililia jikoni. Kila mwaka tangu wakati huo naangalia rafu. Wataalamu nisaidieni, leseni ikishatolewa kinachochelewesha ni nini?

Mzee wa Hataza

Pole mama, na hongera kwa kumlinda mtoto. Niko kwenye sheria ya miliki bunifu, nijibu kwa ujumla bila kuingia kwenye mkataba wa mtu.

Leseni ni mwanzo tu wa safari. Maabara inatengeneza kilo chache, kiwanda kinataka tani, na kila tani lazima itoke sawa na iliyotangulia. Kwa chakula cha mtu mwenye mzio, kosa moja ni kifo, hivyo majaribio kwa binadamu ni marefu na ghali. Kipindi hicho cha katikati, ruzuku ya utafiti imeisha na mwekezaji bado anaogopa, ndicho kinachoua gunduzi nyingi, hata za vyuo vikubwa. Chuo tajiri kina mfuko wake wa kuvuka hapo, au kina mhitimu aliyefanikiwa anayeweza kuandika hundi. Na saa ya hataza inaendelea kukimbia, miaka 20 tangu siku ya maombi, iwe bidhaa imeuzwa au haijauzwa.

Niseme na jambo ambalo wengi hawataki kusikia. Ofisi nyingi za uhawilishaji wa teknolojia, yaani za kupeleka ugunduzi wa chuo sokoni, Marekani hazirudishi hata gharama zake. Taxol ni bahati ya mmoja kati ya wengi. Kwa hiyo chuo kidogo kisifungue ofisi kwa kutarajia utajiri. Vyuo vitatu vinne vilivyo jirani vichangie ofisi moja, mwanasheria mmoja mzuri, mtu mmoja anayejua kuongea na viwanda.

Mgeni wa Kusini

Mzee wa Hataza umegusa mahali panapouma. Niseme sasa kisa changu, ndicho kilichonifanya nianzishe uzi.

Mwaka wangu wa tatu wa uzamivu, mimi na profesa wangu tulitengeneza utando wa kupaka matunda yasishike ukungu, kutokana na maganda ya viazi vitamu. Maganda tulikuwa tunayachukua bure kiwandani, magunia yananuka gari zima. Ulipokubali, ulikubali kweli: nyanya za kwenye rafu ya chini zikaoza, za rafu ya juu zikakaa wiki tatu zikiwa ngumu.

Nikachapa bango, nikalikunja kwenye bomba la karatasi ngumu, nikapanda basi kwenda kwenye kongamano. Bango lilikuwa na kila kitu. Uwiano, joto, muda wa kukausha, hata picha ya chungu tulichochemshia. Nilikuwa najivunia. Watu walikuja, wakapiga picha. Mmoja alipiga kila kisanduku mara mbili, akanishukuru kwa adabu, akaondoka. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningepiga pia.

Tuliporudi profesa alimwandikia anayehusika na hataza chuoni. Alikuwa mama mmoja tu, ndiye huyo huyo aliyesimamia ruzuku, mikataba na maadili ya utafiti kwa chuo kizima. Barua ikakaa kwenye foleni yake. Miezi 14 baada ya kongamano kampuni moja ikatupigia simu, inataka leseni. Chuo kikamtafuta mwanasheria. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlionyesha hadharani lini kwa mara ya kwanza?" Profesa akataja tarehe. Upande wa pili wa simu ukawa kimya. Marekani inakupa mwaka mmoja tangu ulipoonyesha, Ulaya haikupi hata siku. Sisi tulishapita kote.

Profesa aliweka simu chini taratibu, akatazama saa, akachukua chaki zake. Alikuwa na kipindi saa nane. Akaenda kufundisha.

Bint Tanga

Jamani. Hiyo ya chaki imeniuma.

Mwalimu wa Baltimore

Nami nina profesa kama huyo jirani yangu ofisini. Niseme lakini mambo yanasogea. Chuo cha Howard kimefika R1, daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti, Februari 2025, kwa sasa ndiyo pekee kati ya vyuo hivi. Vigezo ni matumizi ya utafiti yasiyopungua dola milioni 50 kwa mwaka na shahada za uzamivu 70, wao walikuwa karibu na milioni 85 na shahada 96. Kuna pia mafunzo ya I-Corps ya wakfu wa sayansi wa serikali, tangu 2011. Nilipeleka timu yangu. Unatakiwa uzungumze na watu mia moja ndani ya wiki saba, kabla hujauza chochote. Sisi tuliamini mteja wa kipima maji chetu ni mvuvi. Baada ya watu arobaini tukagundua mvuvi hana haja nacho kabisa, anayekihitaji ni mwenye kiwanda cha chaza. Nisingelijua hilo maabara hata kwa miaka kumi.

Mwanafunzi wa Alabama

Wakuu, mimi ni msomaji wa kimya kimya, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Natoka Kigoma, nasoma uzamili huku kwenye HBCU. Bango langu linaonyeshwa Alhamisi. Leo ni Jumatatu. Hakuna fomu yoyote tuliyojaza. Mimi si raia, nina viza ya mwanafunzi. Nina haki kweli ya kuandikwa kama mgunduzi?

Mzee wa Hataza

Kuwa mgunduzi hakuhitaji uraia. Kama wazo ni lako au umechangia wazo, jina lako linapaswa kuwemo, hata ungekuwa na siku moja nchini. Kinachohitaji kibali ni kufanya kazi kwenye kampuni itakayotokana nalo, hilo waulize wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujakubali hata senti.

Fanya hivi leo. Chukua fomu ya kutoa taarifa ya ugunduzi kwenye tovuti ya chuo, ijaze na profesa wako. Lakini elewa: fomu hiyo peke yake haikulindi. Kinachokulinda ni maombi ya hataza ya muda (provisional) kupokelewa na ofisi ya hataza kabla ya bango kuonekana. Ada yake ni ndogo, na yanakupa miezi 12 ya kujipanga. Omba yawasilishwe kabla ya Alhamisi. Wakishindwa, bango lionyeshe matokeo bila kueleza mmeyapataje.

Mgeni wa Kusini

Mdogo wangu, usilipeleke kuchapwa bado. Na usitume tu barua pepe ukangoja kama sisi. Nenda ofisini kwao asubuhi, kaa kwenye kiti hadi akuone.

Mwanafunzi wa Alabama

Nimerudi. Jana tulijaza na profesa hadi saa tano usiku. Leo saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Mama wa pale aliniuliza nani amenituma, nikamwambia kaka zangu wa mtandaoni, akacheka, akavuta kiti. Amesema maombi ya muda yataingia kesho mchana.

Bango nina matoleo mawili. Lenye jedwali la pili na lisilo nalo. Kesho jioni nikipata namba ya maombi ndiyo nitajua nichape lipi.

Mgeni wa Kusini

Tupo hapa. Ukiipata, iandike hapa kwamba umeipata, namba yenyewe usiiweke.

Mwanafunzi wa Alabama

Nimeipata. Saa tisa na dakika kumi.